Farasi Asiyependa Kimya

Mume wangu, Beda Luambano, si msemaji. Nalisema kwa upole hivyo kwa sababu mama yake bado yu hai na masikio yake ni mazima. Ukweli wenyewe ni kwamba nilipoolewa naye nilidhani nimepewa bubu. Siku waliyokuja kwetu kunichumbia, mjomba wake ndiye aliyeongea mwanzo mpaka mwisho. Beda alikaa kwenye kigoda akikagua viatu vyake. Mama zangu wadogo wakaniambia, Notburga, mwanamume mkimya ni baraka, hutagombana naye. Walinidanganya. Hakuna ugomvi unaochosha kama wa mtu asiyejibu. Unafoka peke yako mpaka mwisho unajionea aibu, unaenda kuchota maji.

Kazi yake ni kwato. Watu wa mjini nikiwaambia hivyo wanacheka, wanafikiri nawatania, maana sisi Wangoni utani ni chakula. Lakini ni kweli. Alipokuwa kijana aliajiriwa kwenye shamba la kahawa la mzungu mmoja nje ya Songea, na huyo mzungu alikuwa na farasi wa kuzungukia mistari ya kahawa. Palikuwa na mzee mmoja aliyetoka Arusha, ndiye aliyemfundisha Beda kila kitu: kumsugua farasi, kumfunga tandiko lisimchubue, kuinua mguu wake, kukwangua uchafu kwa kisu kilichopinda ncha, kupunguza ukwato kwa tupa. Beda akaipenda kazi ile kuliko alivyowahi kupenda kitu, na mimi nimo katika hesabu.

Shamba likafa. Mzungu akarudi kwao, farasi wakachukuliwa kwa lori na watu wa Iringa, isipokuwa jike mmoja, mweusi, asiyeona jicho la kushoto. Huyo hakuna aliyemtaka. Mzungu akamwambia Beda, mchukue wewe. Jioni moja, niko gengeni kwangu hapa Bombambili napanga nyanya, naona watoto wanakimbia, bodaboda zimesimama, watu wamejaa barabarani, nikajua kuna ajali. Kumbe ni mume wangu. Anatembea kwa miguu na viatu vyake vya mvua, kashika hatamu, na nyuma yake mnyama mrefu kuliko mlango wetu. Nikamuuliza, hicho nini. Akasema, "Farasi." Kana kwamba mimi ndiye nisiyeona.

Jina nilimpa mimi. Alipoingia uani alisimama, akainua kichwa, akaangalia sufuria zangu, akaangalia kamba ya nguo, akapumua kwa pua kwa dharau kama shangazi wa mume aliyekuja kukagua nyumba ya mke mpya. Nikasema, haya, karibu Shangazi. Jina likamkaa.

Sasa sikiliza jambo lenyewe. Mnyama asiyeona upande mmoja hafugwi kwa kimya. Ukimjia kushoto bila kusema, anashtuka, anaruka au anakupiga teke, na wala si ubaya wake, ni hofu. Kwa hiyo yeyote anayemsogelea upande huo aanze kusema akiwa bado mbali, aendelee kusema akiwa karibu, na akinyamaza mkono wake uwe umeshagusa mwili wa mnyama. Beda hakuwa na njia nyingine. Ilimbidi aseme.

Na alisema, jamani. Kila asubuhi nilimsikia nyuma ya nyumba anamweleza Shangazi habari za mvua, za mahindi yaliyoliwa na viwavi, za mguu wake mwenyewe unaomuuma wakati wa baridi. Huo mguu mimi nilikuwa sijawahi kuambiwa. Nilisimama jikoni na mwiko mkononi nikipata habari za mume wangu kutoka kwa farasi. Niliona wivu, sitaficha. Majirani wakaanza kunitania kwamba nimeletewa mke mwenza, tena ana miguu minne. Nikawajibu kwamba huyu angalau hanifungulii sufuria.

Alimfundisha polepole. Vijana wa bodaboda wa kijiweni aliwaomba wavumishe pikipiki zao mbali kidogo, Shangazi akitulia anapewa bua la muhindi. Kesho wanasogea, anapewa bua. Mwisho akawa anapita katikati yao na honi zao zote bila kutikisa sikio. Beda akawa anampanda kwenda Mshangano, kwenda Subira, kuhudumia punda wa watu. Punda siku hizi wapo, wanabeba mahindi na matofali, lakini wenye punda wengi walidhani ukwato unajikata wenyewe. Unamkuta mnyama kwato zimejikunja kwa mbele kama kandambili mbovu, anatembea kwa visigino, na mwenyewe anamchapa eti mvivu. Beda hasemi kitu. Anaegemeza bega kwenye ubavu wa punda, anateremsha mkono taratibu kwenye mguu, anasubiri mpaka punda mwenyewe anyanyue. Hamvuti. Nimemwona anasubiri mpaka mwenye punda kachoka, kaenda kunywa ulanzi, karudi.

Na palikuwa na mchezo mmoja ambao sikuuelewa. Jioni aliwaita watoto wa majirani wapige vigelegele karibu na Shangazi, huku yeye anapeperusha shuka langu jeupe upande wa jicho bovu. Siku za mwanzo farasi alitaka kuvunja uzio. Baadaye akazoea, ukimpigia vigelegele anasogea mbele mwenyewe, kwa madaha, kichwa juu. Nilimuuliza Beda vigelegele vya nini, au anataka kumwoza huyo farasi. Akasema, "Azoee." Basi, nikabaki na "azoee" yangu na shuka lililochafuka.

Tuna mtoto mmoja, Leticia. Alipata kazi kwenye duka la dawa kule Tunduru, na huko akakutana na kijana Myao wa Nakapanya, mwenye mikorosho, jina lake Daimu. Siku moja akapiga simu kwamba wameoana. Bomani, mbele ya mashahidi, bila padri, bila shehe, bila sisi. Beda aliipokea simu ile mwenyewe. Alisikiliza mpaka mwisho, akanirudishia, akatoka nje, akalichukua shuka jeupe kwenye kamba akalikunja akaliweka sandukuni. Kisha akasema, "Kama amejipeleka, amejipeleka." Tangu siku hiyo vigelegele vikaisha, na jina la Leticia halikutajwa tena na baba yake.

Usije ukafikiri ni mambo ya dini. Rafiki yake mkubwa ni Abdulhamid, fundi baiskeli, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Idd tunakula kwake na Krismasi anakula kwetu. Na Wayao ni watani zetu, tunatukanana mpaka msibani na hakuna anayenuna. Kilichomuuma kilikuwa kingine, na hakusema. Leticia alipojifungua binti, wakamwita Asma, nilijulishwa kwa simu nikiwa nimejificha jikoni kama mwizi. Nikamwambia Beda, umepata mjukuu. Akanyanyuka kwenda kumpa farasi maji.

Mimi nilitaka kitu kimoja tu katika maisha haya yaliyobaki: mwanangu aingie uani kwangu na mtoto mgongoni, na baba yake atoke kumpokea. Leticia alishaniambia hatakuja mpaka baba amwite. Baba naye ni huyo. Wote wawili vichwa vyao vilitoka chungu kimoja.

Kiangazi cha mwaka jana Shangazi akapata ufa kwenye ukwato wa mbele, mguu wa kulia. Ardhi ilikauka ikawa ngumu kama sakafu. Ufa ulianzia chini ukawa unapanda. Beda alichora mfereji mdogo juu yake ili usiendelee, akaacha kumpanda, akawa anakwenda kwa punda wake kwa miguu, tupa begani. Alikuwa na huzuni nzito. Nikamsimulia Leticia kwenye simu, kama mtu anavyosimulia shida za nyumbani, na kumbe Daimu alikuwa pembeni anasikia.

Kijana akaona hapo ndipo mlango ulipo. Akapanda basi la Songea bila kumwambia mtu, akaja na chupa.

Nilikuwa jikoni nikasikia hodi ya kiume. Nikachungulia, namwona kijana mrefu, kofia mkononi, amechuchumaa mbali kule karibu na uzio, kama inavyompasa mkwe. Akaniamkia shikamoo mama, macho chini, nikaitikia marahaba baba, na mimi macho chini. Hakujitambulisha wala haikuwa lazima, mtoto wa mtu unamjua kwa picha za simu. Akauliza baba yupo, nikasema yupo Subira kwa punda, atarudi jioni. Nikamwekea kigoda na maji ya kunywa, nikarudi jikoni haraka. Kwetu mama mkwe hasimami uani kuzungumza na mkwe, achilia mbali mkwe ambaye hajawahi hata kupokelewa. Nikakamata kuku. Nanyonyoa huku nawaza Beda akija itakuwaje, nawaza niweke chumvi kiasi gani.

Ndani ya chupa yalikuwa mafuta ya maganda ya korosho. Kule Tunduru wanayajua. Meusi, mazito, yanapakwa kwenye nguzo ya nyumba mchwa hawagusi, na mtu mwenye nyufa za kisigino anapaka kidogo kwenye ngozi ile ngumu, zinafunga. Ila yakigusa ngozi laini yanaunguza mpaka malengelenge. Daimu alilijua hilo tangu utoto wake. Lakini aliutazama ukwato akaona ni kama kucha tupu, kitu kigumu kisicho na uhai. Angekuwa kwao angeuliza. Hapa angemwuliza nani? Mama mkwe yuko jikoni na haifai kumfuata, baba mkwe hayupo na akiwepo hamsemeshi. Akaona afanye zuri kimyakimya, mzee akirudi akute farasi wake katibiwa. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Alimwendea upande wa jicho zima, akimnong'oneza, na Shangazi alikubali. Akapaka ufa. Akaona mguu mmoja hautoshi kuonyesha mapenzi, akapaka yote minne. Alipaka kwa moyo, mpaka juu kabisa, pale manyoya yanapoishia na ukwato unapoanzia. Kwato zikang'aa kama viatu vya askari.

Beda aliporudi, Shangazi alikuwa ameshalala chini ubavu, anatetemeka, na pale juu ya kwato pamevimba na kutoa malengelenge. Mume wangu aliinama, akanusa. Akauliza, "Nani?"

Daimu alisimama kule uzioni. "Ni mimi, baba."

Nilitoka jikoni na heshima ya ukwe nikaitupa huko. Nilijua Beda akisema neno moja baya hapo, au akikaa kimya kile kimya chake, mwanangu nimempoteza moja kwa moja. Beda alimtazama yule kijana, akaniambia nilete mafuta ya alizeti na sabuni na maji mengi, na akamwambia Daimu, "Shika mguu."

Wakaanza kuosha. Mafuta kwa mafuta kwanza, halafu sabuni, halafu maji, wakarudia na kurudia. Mikono ya Daimu ikaungua mpaka ikababuka, hakuiondoa. Kuku wangu aliiva, hakuna aliyekula.

Kesho yake alikuja daktari wa mifugo, dada Ida, binti mwenye roho safi. Akasema ile sehemu inapoanzia manyoya ndiyo inayozaa ukwato, kama shina la kucha. Ikipona, ukwato mpya utashuka. Ikifa, ukwato unaweza kung'oka wote, na hapo hakuna cha kufanya. Akampiga sindano ya maumivu, akatuonyesha dawa ya kupaka, akasema asafishwe kila siku asubuhi na jioni, asimame kila anapoweza. Akikataa kabisa kusimama, mniite, akasema, na hakueleza kuja kufanya nini. Beda alielewa. Alikwenda kuegemea uzio, akatugeuzia mgongo.

Daimu aliniambia kwa sauti ndogo kwamba labda aondoke, uso wake unaongeza machungu. Nikamjibu, baba, ukiondoka leo usirudi tena, na mke wako utanisalimia. Akabaki. Kulala alilala kwa Abdulhamid, maana mkwe halali kwa wakwe zake, na huko alipata pa kuswali. Alfajiri alikuwa tayari yuko uani.

Shida ikaja kwenye kusafisha. Farasi mwenye maumivu hakubali. Beda alihitaji kuchuchumaa upande wa kulia na mguu magotini, na mtu mwingine asimame kushoto, karibu na sikio, amshike kichwa na kumsemesha bila kukoma. Mimi mnyama yule nilikuwa bado namwogopa. Akabaki Daimu. Lakini mkwe mbele ya baba mkwe hapayuki! Akasimama kama mlingoti, kashika kamba, mdomo umefungwa. Shangazi hakumwona wala hakumsikia, akatupa kichwa, akamwangusha Beda kwenye tope la dawa.

Beda akanyanyuka, akajifuta, bila kumtazama akasema, "Sema."

"Niseme nini, baba?"

"Chochote. Sema naye."

Kijana wa watu akaanza. Shangazi, mimi naitwa Daimu, natokea Nakapanya, mama yangu anaitwa Sabra, nina mikorosho niliyoachiwa na babu. Mwaka huu maua yametoka vizuri. Nilikuja kukusaidia, nimekuumiza, nisamehe. Farasi akatulia. Beda akafanya kazi yake.

Kumbe kijana ni msemaji. Alipofunguka, akafunguka. Asubuhi na jioni, upande ule wa kushoto, alimsimulia Shangazi maisha yake yote. Alivyokwenda kununua dawa ya kikohozi na akarudi tena na tena bila kukohoa. Leticia anavyopika maharage yasiyo na chumvi ya kutosha. Asma alivyozaliwa wakati wa mvua, na masikio yake yamesimama kwa nje kama ya babu yake. Hapo nilimwona Beda akigusa sikio lake kwa mkono wenye dawa. Nami nilikuwa nimehamisha kigoda changu cha kumenyea viazi hadi mlangoni.

Siku moja Daimu akasema, "Shangazi, mimi nilitaka kuja kujitambulisha kwa utaratibu. Nilifika mpaka stendi hapa, na mjomba wangu. Watu wakaniambia yule mzee hasemi na mtu. Nikaogopa, nikarudi."

Beda aliendelea kukwangua. Nilidhani imepita. Kisha akasema, kwa sauti ileile anayotumia kila asubuhi, "Shangazi, mwambie huyo mzee asiyesema anasikia."

Basi hapo ndipo walipoanza kuzungumza, mlongo wangu, ndugu yangu we, kwa kupitia farasi. Mmoja kichwani, mmoja miguuni, hawatazamani. Shangazi mwambie baba hivi, Shangazi mwambie huyo vile. Heshima ya ukwe haikuvunjwa hata kidogo, maana nani alisema na nani? Kila mtu alisema na mnyama. Abdulhamid alikuja kuazima jembe akasimama uzioni kinywa wazi, nikamfukuza.

Na ndipo siku nyingine Beda akasema lile. Alikuwa anaupangusa mguu ule wenye ufa. "Shangazi, wewe unajua. Nilikuzoesha vigelegele na shuka jeupe ili siku moja umbebe Leticia mpaka mlango wa kanisa, na mimi nikuongoze kwa hatamu, mji mzima uone. Siku zote nilikuwa nakufundisha hilo. Wao wakaenda kugongewa muhuri."

Nilikaa chini kwenye gunia la mkaa. Nililia, na papo hapo nilikasirika mpaka nikataka kumrushia kiazi. Mtu anabeba harusi nzima kichwani mwake, hamwambii mke, hamwambii mtoto, halafu anamnunia bibi harusi kwa kutohudhuria! Lakini nilimhurumia pia. Nilimwona jioni zile zote na shuka langu, akipeperusha, akifikiria.

Daimu naye alikuwa ameinamisha uso kwenye shingo ya farasi. Shangazi akaanza kutikisa kichwa kwa sababu ya ukimya, ikambidi kijana aseme hivyohivyo na machozi. "Shangazi, mwambie baba hatukujua. Wallahi, tungejua tungesubiri hata miaka."

Beda aliushusha mguu chini polepole, kama mtu anavyoweka yai.

Wiki zikapita, dada Ida akaja tena na akatabasamu. Pale chini ya manyoya palionekana mstari mpya wa ukwato, mwembamba, safi, miguu yote minne. Alisema utachukua karibu mwaka kushuka mpaka chini, na kupandwa asipandwe kabla ya hapo, ila farasi huyu amepona. Beda alimtoa Shangazi kutembea uani, mara moja kuzunguka, anachechemea lakini anakwenda. Nilipiga kigelegele kimoja, na yule mnyama akainua kichwa akaanza madaha na kwato zake mbovu mpaka tukacheka.

Korosho zilikuwa zimeanza kuanguka kule Nakapanya, na Daimu ilimbidi arudi. Asubuhi tukamsindikiza stendi, mimi na kifurushi cha unga na maharage, Beda na viatu vyake vya mvua na aproni yake ya ngozi, maana alikuwa anapitiliza kwa punda wa Mshangano. Njia nzima hawakusemeshana. Hapakuwa na farasi katikati yao. Nilitembea nyuma nikiumia: kazi yote ile, maneno yote yale, na sasa wanaume hawa wawili wanarudi kuwa mawe. Farasi wetu kapona, na mwanangu bado hajaitwa.

Basi la Masasi, lile linalopita Nakapanya, likawasha moto. Daimu akachuchumaa kuaga, Beda akampa mkono. Na hakuuachia. Midomo yake ilifunguka, ikafunga, ikafunguka. Kondakta akawa anapiga bati la basi, abiria wanalalamika, na mume wangu kakamata kiganja cha mtoto wa watu kile chenye makovu ya korosho, haachii, hasemi.

Kondakta akamuuliza, "Mzee, unasafiri au unasindikiza?"

Beda akalitazama basi. Akanitazama mimi. "Nasafiri," akasema.

Akapanda. Na aproni yake, na kisu cha kwato mfukoni, bila hata nguo ya kubadilisha. Nikapiga kelele kwamba baba mkwe haendi kwa mkwe wake bila kualikwa, tena na viatu vya mvua, utatutia aibu wewe mwanamume. Alikuwa ameshakaa. Daimu alisimama mlangoni ananitazama kama mtu aliyeokota kitu na hajui mwenyewe ni nani. Nikamrushia kifurushi, basi likaondoka.

Nilirudi nyumbani nikamhudumia Shangazi mwenyewe, kwa mara ya kwanza. Kusema si tatizo langu. Nilimweleza yote niliyokuwa nimemwekea Beda tangu ndoa yetu, na alinisikiliza vizuri kuliko nilivyotegemea. Mchana nikashindwa kwenda gengeni. Simu niliiweka kifuani, kila ikitetemeka ni mtu wa kuomba vocha.

Jioni ikaita. Leticia alikuwa analia, nikasema basi, kimeharibika. Nikamuuliza baba yako yuko wapi. Akasema yuko mkekani, amempakata Asma, mtoto amelala na yeye hataki kumtoa. Alipoteremka tu, mbele ya Sabra, mama yake Daimu, na majirani wote waliokuja kushangaa viatu, alimwambia, mwanangu nimekuja kukuita nyumbani. Akamwomba msamaha. Akaeleza habari ya shuka jeupe yeye mwenyewe, kwa mdomo wake.

"Halafu?" nikauliza.

"Halafu hajanyamaza, mama. Tangu mchana. Chai imepoa anaongea tu, hata ya utotoni kwake anasimulia. Mama, kwani baba huwa anaongea hivi?"

Nilitaka kumjibu. Mimi, Notburga, ambaye sijawahi kukosa neno, nilikosa. Nikamwambia asikate simu, aiweke tu pale mkekani karibu na baba yake, nimsikilize.